Ushuru wa mapato Kenya: mfanyabiashara mdogo, piga hesabu kabla ya kulipa

Mwanzoni mwa Juni alinijia mama mmoja mwenye duka la unga, sukari na mafuta ya kupikia huku Kongowea, Mombasa. Alibeba kikapu kimejaa risiti, na kwenye simu yake mlikuwa na jumbe za malipo ya ushuru za miezi 12. Hakuwa amekosa hata mwezi mmoja. Alitaka nimfailie ritani ya mwaka tu, yaani taarifa ya mapato yake kwa serikali, arudi dukani. Tulipokaa tukapiga hesabu ya faida yake, tukaona jambo lililomuuma sana, nami likaniuma pia: alikuwa amelipa shilingi 90,000 kwa mwaka, na kwa njia nyingine iliyoruhusiwa na sheria angelipa shilingi 3,000. Hakuna aliyemdanganya. Ni vile tu hakuna aliyemwambia kwamba njia ziko mbili na hiari ni yake.

Kazi yangu ni kuwawekea wafanyabiashara wadogo hesabu zao, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama huyo mama: wenye duka, kibanda, saluni, karakana, au mshahara pamoja na kibiashara cha kando. Nitasema "ushuru" kila ninapomaanisha pesa ya serikali, kwa sababu kwetu "kodi" ni ya nyumba, nayo tutaitaja pia.

1. Tenganisha mapato yako kwa mafungu

Kabla hujafungua iTax, mtandao wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), chukua karatasi uandike pesa zote ulizopata kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba. Kisha zigawe, maana kila fungu lina kanuni yake, na makosa mengi ninayoyaona huanzia pale mtu anapoyachanganya.

Mshahara ni fungu la kwanza. Mwajiri hukata PAYE, yaani ushuru wa mshahara, kila mwezi, na mwisho wa mwaka hukupa fomu ya P9 inayoonyesha mshahara na makato yako. Kukatwa kwake hakukuondolei wajibu wa kufaili.

Biashara ni fungu la pili, na ndilo tutakalokaa nalo.

La tatu ni kodi ya nyumba za kuishi. Ukipokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, mwezi kwa mwezi, bila kutoa gharama ya rangi wala fundi wa mabomba. Kiwango hiki kilianza Januari 2024. Kabla yake kilikuwa asilimia 10, na bado kuna watu wanaolipa cha zamani.

La nne ni kazi za kitaalamu: ushauri, mafunzo, kazi za kihandisi na kadhalika. Mteja anayekulipa shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Huo ni ushuru wa zuio, na haumalizi deni lako, ni malipo ya mapema. Cheti chake huonekana kwenye akaunti yako ya iTax, na ni juu yako kukidai katika ritani ili kiasi hicho kipunguzwe. Usipokidai, umelipa mara mbili.

2. Daftari, kila jioni

Hapa ndipo ushuru wako unapoamuliwa. Mwezi wa Juni ni wa kunakili tu yale uliyoyaandika mwaka mzima, na kama hukuandika kitu, hakuna mtaalamu atakayekuokoa.

Huhitaji kompyuta. Nunua daftari kubwa la kawaida, uligawe safu nne: tarehe, mauzo ya pesa taslimu, mauzo ya simu, na pesa iliyotoka pamoja na sababu yake. Andika kabla ya kufunga duka, wala usingoje asubuhi. Pesa uliyochota kwenye droo kwenda kununulia samaki wa nyumbani iandikwe pia, lakini uiwekee alama, kwa sababu hiyo si gharama ya biashara. Ni yako wewe mwenyewe umejilipa.

Upande wa M-Pesa unahitaji uangalifu zaidi, na nataka tuuangalie kwa karibu. Omba taarifa ya mwezi mmoja, uichapishe, kisha chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Tuseme taarifa inaonyesha shilingi 112,000 zimeingia. Anza juu, ushuke mstari kwa mstari. Huyu ni mteja wa kawaida, 1,500, tia alama ya kijani. Huyu pia. Hapa kuna 10,000 kutoka kwa kaka yako aliye Doha, alituma karo ya watoto: nyekundu. Hapa 20,000 za zamu yako ya chama cha kuweka akiba: nyekundu. Hapa 15,000, mkopo wa simu uliochukua bidhaa zilipokwisha: nyekundu. Ukijumlisha za kijani zinafika 67,000. Hayo ndiyo mauzo. Kwa wanaolipa ushuru wa asilimia 3 ya mauzo (nitaueleza katika sehemu ya 4), mtu asiyetenganisha atalipa asilimia 3 ya 112,000, yaani shilingi 3,360. Aliyetenganisha atalipa shilingi 2,010. Na asiyetenganisha hana hata cha kujitetea, kwa sababu mkaguzi akiona pesa imeingia na mwenyewe hajui kueleza ilitoka wapi, ataihesabu kuwa mauzo.

Njia rahisi ya kujiepusha na kalamu hizo ni kuwa na namba ya till au Pochi la Biashara (namba za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara) kwa ajili ya duka peke yake, na namba yako binafsi iwe ya jamaa na chama. Ukiweza kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili.

Weka daftari, taarifa na risiti kwa miaka 5, ndivyo sheria inavyotaka. Zile risiti nyepesi za mashine hufifia kwenye joto la Pwani kabla hata ya mwaka kwisha, kwa hivyo zipige picha siku ileile unayopewa. Kwenye kikapu cha yule mama, risiti kadhaa zilikuwa zimebaki karatasi nyeupe.

3. Jua faida yako halisi

Wengi huniambia faida yao kwa kukisia: "Naweka shilingi kumi kwa kila pakiti." Hilo halitoshi. Faida inayotozwa ushuru hupatikana kwa kuhesabu bidhaa mara mbili kwa mwaka, siku ya kwanza na siku ya mwisho.

Nitachukua hesabu za duka la yule mama. Mauzo ya mwaka yalikuwa shilingi 3,000,000. Tarehe 1 Januari alikuwa na bidhaa za shilingi 180,000 rafuni. Mwaka mzima akanunua za shilingi 2,600,000. Tarehe 31 Desemba zilibaki za shilingi 230,000. Basi bidhaa alizouza zilimgharimu 180,000 ongeza 2,600,000 toa 230,000, yaani 2,550,000. Ukitoa hiyo kwenye mauzo unabaki na 450,000. Kisha kodi ya duka, leseni ya kaunti, umeme na malipo ya kijana anayemsaidia vilifika 150,000. Faida: shilingi 300,000.

Angesahau kuhesabu bidhaa za mwisho wa mwaka, faida ingeonekana ndogo kuliko ilivyo, na kosa hilo KRA wakiliona litarekebishwa pamoja na faini. Kwa hivyo 31 Desemba jioni, hata kama nyumbani wanakungoja, funga mlango na uhesabu. Andika idadi ya kila kitu na bei uliyonunulia, si bei ya kuuzia.

Vyombo vya kudumu vina kanuni yao. Jokofu la shilingi 60,000 haliondolewi lote mwaka ulionunua. Hukatwa kidogo kidogo, asilimia 10 kwa mwaka. Kompyuta ni asilimia 25.

Na sasa eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, maana bila hiyo hesabu zote hizo ni za karatasini tu. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa faida. Mishahara, ada za benki na bidhaa ulizoagiza mwenyewe kutoka ng'ambo zina njia nyingine za kuthibitishwa, lakini unga ulionunua kwa jumla unahitaji ankara hiyo yenye PIN yako (namba yako ya ushuru ya KRA) juu yake. Mpe muuzaji PIN yako kabla hajatoa ankara, kwa sababu akishaitoa bila PIN, ni kama bidhaa zimenunuliwa na mtu asiyejulikana. Ukinunua kutoka kwa mkulima mdogo au muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2024 inakuruhusu wewe mnunuzi umtolee ankara yake. Wewe mwenyewe unaweza kutoa zako kwa simu ya kawaida ukipiga *222#.

4. Njia mbili, na jinsi ya kuchagua

Njia ya kwanza ni ushuru wa mauzo, ambao watu wengi wanaujua kwa jina la TOT. Unamhusu mkaazi ambaye biashara yake inauza zaidi ya shilingi milioni 1 lakini si zaidi ya milioni 25 kwa mwaka. Unalipa asilimia 3 ya mauzo yote, mwezi kwa mwezi, na mambo yanaishia hapo: haijalishi umepata faida au hasara, na hakuna gharama ya kutolewa. Kiwango hiki kilianza Julai 2023. Kabla yake kilikuwa asilimia 1, na ndiyo sababu wengi hawakujali kufanya hesabu. Kodi ya nyumba, kazi za kitaalamu na ada za mafunzo haziingii humu.

Njia ya pili ni ushuru wa faida, ule wa kawaida. Unatoa gharama, kisha faida inayobaki inatozwa kwa ngazi: shilingi 288,000 za kwanza asilimia 10, zinazofuata 100,000 asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi ufike milioni 6 kwa jumla. Juu ya hapo kuna asilimia 32.5 na 35, lakini hizo si za wengi wetu. Jumla ikipatikana, toa shilingi 28,800, ambayo ni nafuu ya kila mkaazi kwa mwaka.

Sheria ya ushuru wa mapato inampa mwenye TOT haki ya kumwandikia Kamishna kwamba hataki kutozwa kwa njia hiyo. Ni notisi ya maandishi tu. Iandike mapema kabla ya mwaka mpya kuanza, uhifadhi nakala na uthibitisho kuwa imepokelewa, kisha hakikisha jukumu la TOT, yaani usajili wako wa kulipa ushuru huo, limeondolewa kwenye PIN yako. Lisipoondolewa, mfumo utaendelea kukudai ritani za kila mwezi.

Ipi bora? Turudi kwa yule mama. TOT ilimtoza asilimia 3 ya 3,000,000, yaani 90,000. Kwa njia ya faida: 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800, zinazobaki 12,000 kwa asilimia 25 ni 3,000, jumla 31,800. Toa nafuu ya 28,800, unabaki na 3,000. Faida yake ilikuwa 300,000 na TOT ikachukua karibu theluthi yake.

Sasa mfikirie mwenye saluni anayeingiza hiyohiyo 3,000,000, lakini gharama zake ni ndogo na faida yake ni 900,000. Kwa njia ya faida: 28,800 ya ngazi ya kwanza, 25,000 ya ngazi ya pili, na 512,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 153,600. Jumla 207,400. Toa 28,800, ushuru ni 178,600. Huyu TOT ya 90,000 inamfaa sana, na akiiacha kwa kusikia habari za mama wa unga atakuwa amejidhulumu.

Kwa mauzo ya milioni 3, njia hizi mbili hukutana pale faida inapokuwa kama shilingi 605,000, yaani karibu shilingi 20 kwa kila 100 ya mauzo. Chini ya hapo, njia ya faida ni nafuu. Juu ya hapo, TOT. Wauza unga, sukari, kadi za simu na mafuta kwa kawaida wako chini. Vinyozi, mafundi cherehani na wapishi wengi wako juu. Lakini usichukue neno langu, chukua daftari lako.

Kuna mambo mawili yanayogeuza hesabu hii, na yote mawili nimeyaona yakiwaumiza watu.

La kwanza ni risiti. Tuseme yule mama anahamia njia ya faida, lakini ununuzi wa shilingi 600,000 hauna ankara ya eTIMS. Gharama hiyo inakataliwa. Kwa macho ya KRA faida yake si 300,000 tena, ni 900,000, na ushuru unaruka kutoka 3,000 hadi 178,600, karibu mara mbili ya TOT aliyoikimbia. Kwa hivyo usiiache TOT mpaka uwe na hakika kwamba wanaokuuzia bidhaa wanakupa ankara sahihi. Yeye tulimshauri akae miezi iliyobaki akijizoeza kudai ankara, kila ununuzi na PIN, ndipo aandike notisi ya mwaka unaofuata. Ile 90,000 ilikwisha kwenda. TOT hairudishwi kwa sababu tu uligundua njia bora baadaye.

La pili ni mshahara. Kama umeajiriwa na unapata, tuseme, shilingi 60,000 kwa mwezi, ile nafuu ya 28,800 umeshaitumia kwenye PAYE, na ngazi za chini zimeshajazwa na mshahara. Faida ya biashara yako ya kando itaanza moja kwa moja kwenye asilimia 30. Kwako wewe TOT inakuwa nafuu mara tu faida inapozidi shilingi 10 kwa kila 100 ya mauzo, wala si 20, kwa sababu mauzo yanayolipiwa TOT hayaongezwi juu ya mshahara.

Mwenye mauzo yasiyofika milioni 1 kwa mwaka hayumo kwenye TOT kabisa. Anafaili ritani ya mwaka kwa njia ya faida, na kama hana mapato mengine na faida yake haizidi 288,000, nafuu inaumeza ushuru wote. Bado anafaili. Na mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) yakifika milioni 5, kujisajili kwa VAT ni lazima, iwe uko kwenye TOT au la.

5. Tarehe za kubandika ukutani

TOT ya mwezi hufailiwa na kulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kwisha. Kodi ya nyumba, vivyo hivyo. Kama una mfanyakazi anayefikia PAYE, hiyo ni tarehe 9.

Aliye kwenye njia ya faida, na ushuru wake wa mwaka unazidi shilingi 40,000, hulipa kwa awamu nne: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Kipimo rahisi cha awamu ni kuchukua ushuru wa mwaka uliopita, kuuongeza asilimia 10, na kugawa kwa nne. Kama mwaka huu biashara imeshuka, unaweza kukadiria chini, lakini kadiria kwa daftari. Salio la mwaka hulipwa kabla ya 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na ritani yenyewe mwisho wake ni 30 Juni. Watu wengi huchanganya hizi mbili: wanangoja Juni walipe, kumbe riba imeanza kuhesabiwa tangu Mei.

Kuchelewa kufaili ritani ya mwaka ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Ritani ya TOT iliyochelewa ni shilingi 1,000 kwa kila mwezi. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya deni, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kama huna pesa, faili hata hivyo. Faini ya kutofaili unaweza kuiepuka bure, na deni lenyewe unaweza kuomba KRA ulilipe kidogo kidogo kwa mpango.

6. Kwa mwenye mshahara

Pokea P9 yako na uisome kabla ya kuifailia. Tangu 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF (bima ya afya ya jamii) wa asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba za bei nafuu (Housing Levy) wa asilimia 1.5 hutolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kukokotolewa, pamoja na NSSF (akiba ya uzeeni). Mwajiri ambaye bado anakokotoa kwa njia ya zamani anakukata zaidi ya inavyostahili, na ritani ndiyo nafasi yako ya kudai tofauti.

Ukiwa na bima ya maisha, ya elimu au ya afya ya kibinafsi, una nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha kutoka KRA hatozwi ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Nimekutana na walimu wawili waliostahili haki hii na hawakuwahi kuiomba, na kwao ilikuwa pesa ya kujenga chumba.

Ulibadilisha kazi katikati ya mwaka, au una waajiri wawili? Angalia kama wote wawili walikupa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi uleule. Nafuu ni moja kwa mtu. Ya pili utairudisha kwenye ritani, kwa hivyo iwekee akiba mapema.

7. Siku ya kufaili

Ingia iTax na jambo la kwanza uangalie majukumu yaliyo kwenye PIN yako. Mengi ya madeni ya ajabu yanatoka hapo: mtu alisajiliwa kwa TOT au VAT bila kujua, na mfumo unamhesabia ritani asizozifahamu. Aliye kwenye TOT pia aangalie kama bado ana jukumu la ushuru wa mapato wa mkaazi. Kama lipo, ritani ya mwaka bado inamngoja.

Mwenye mshahara tu hujaza mtandaoni moja kwa moja. Takwimu nyingi huja zimejazwa kutoka kwa mwajiri. Zilinganishe na P9 moja baada ya nyingine, usibonyeze tu.

Mwenye biashara hupakua fomu ya Excel. Ifungue kwa kompyuta, si simu, na ukiombwa kuruhusu makro (programu ndogo iliyo ndani ya fomu), ruhusu, la sivyo fomu haitafanya kazi. Jaza mauzo, bidhaa za mwanzo, ununuzi, bidhaa za mwisho na gharama kama ulivyoziandika daftarini. Ongeza vyeti vya ushuru wa zuio na awamu ulizolipa. Ukimaliza, fomu hujikagua yenyewe. Ikikubali hutoa faili iliyobanwa, na hiyo ndiyo unayopakia iTax. Pakua risiti ya uthibitisho palepale. Kama kuna ushuru wa kulipa, tengeneza slipu ya malipo, na ulipe benki au kwa M-Pesa ukitumia namba iliyo kwenye slipu hiyo. Usitumie namba ya malipo uliyotumiwa na mtu kwa ujumbe.

Kuhusu wenye saiba (maduka ya intaneti): wengi wao ni watu wema na wamewasaidia maelfu. Lakini usikubali PIN yako isajiliwe kwa barua pepe ya saiba. Siku mwenye saiba akihama, utakuwa umefungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe, na barua zote za KRA zitakuwa zinamfikia yeye. Kaa kando yake, andika nywila mwenyewe, na uondoke na nakala. Huduma Centre pia wapo maafisa wanaosaidia bila malipo, ila nenda Aprili au Mei, kabla ya foleni za Juni.

Na usikubali mtu akufailie ritani tupu kwa sababu ni rahisi. Ritani tupu ni ya asiyekuwa na mapato yoyote mwaka huo, kama mwanafunzi aliyetoa PIN ili aombe mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu). Mwenye mshahara au duka akiifaili ametoa taarifa ya uongo, na mauzo yake yako kwenye eTIMS, ushuru wake wa zuio uko iTax, P9 yake iko kwa mwajiri. Kama ulishafanya hivyo mwaka uliopita, ingia urekebishe ritani ile wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Mfumo unaruhusu.

Wiki moja baada ya kulipa, rudi iTax ufungue leja yako, yaani orodha ya madeni na malipo yako, uone kama malipo yamewekwa kwenye jukumu sahihi na mwezi sahihi. Yule mama tulipofungua ya kwake, malipo ya mwezi wa Machi yalikuwa yamekaa kwenye Februari, na mfumo ulikuwa unamwandikia faini kwa pesa aliyokwisha kuilipa. Risiti ya mwezi ule ilikuwa kwenye simu yake, tukaomba ihamishwe.